Nta Chini ya Simenti

Nchelenge, 4 Juni 2024

Yaya Jeanine,

Huku sote wazima. Mama amekaa pembeni yangu na anasema barua yako ijayo iwe ndefu kuliko ile ya Pasaka. Simu haitaki kabisa, unamjua. Anasema simu ikikatika maneno yamekwisha, lakini barua yako naisoma kwa sauti barzani na majirani wote wanasikia kwamba ana mtoto ng'ambo ya ziwa anayemkumbuka. Basi mambo ya siri yaandike kwenye karatasi ya pili, nitaificha.

Neno lenyewe ni hili. Tarehe 27 Julai tunamuingisha Chileshe kwa mama, kimila. Tangu siku hiyo mume wangu ataacha kumsalimia mama kutoka uani. Atapita barza, ataingia ndani, atakula kuku mezani kwa mama mkwe kama mtoto wa nyumba. Ila barza yenyewe unaikumbuka. Ule ufa wa ngazini umefika mlangoni, pembeni simenti imemeguka mpaka mawe yanaonekana, na mwezi uliopita kiti cha mama kilizama mguu mmoja, tukamdaka. Chileshe amesema atagharamia yeye, ingawa mwenyewe hawezi kuikanyaga kabla ya siku yake.

Fundi ni Saviour wa Kabuta. Kuta anazijenga vizuri sana, lakini amesema wazi kwamba hajawahi kutengeneza sakafu ya zamani. Ndiyo maana nakuandikia. Muulize shemeji Ghislain, yeye fundi mkubwa: sakafu ya zamani inafanywaje ili simenti mpya ishike? Ningemwomba aje mwenyewe, ila hajaingishwa, na mukwe wa namna hiyo hawezi kuchuchumaa barzani kwa mama mkwe na nyundo mkononi. Watu wangecheka.

Mdogo wako,
Felistus


Kilwa ya Congo, 11 Juni 2024

Mama, na ninyi nyote mliokaa hapo mkinisikiliza,

Barua nimeipokea kwa mkono wa Djo. Ililowa pembeni kwenye chombo chake, lakini maneno yote yamefika. Tumefurahi kwa ajili ya Chileshe. Nilipomsomea Ghislain alicheka, akasema: "Mi miaka makumi mbili na moja nakalaka paka ku kreti ya soda mu lupango, inje, uyu wa miaka tatu anaingia. Bon, njo bahati yake." Alisema kwa mzaha. Felistus, kama umeshayasoma hayo kwa sauti, pole.

Fundi asikimbilie simenti. Kwanza apanue nyufa kwa patasi mpaka ziwe mdomo wazi, atoe vumbi lote kwa ufagio na maji. Mchanga uletwe wa mtoni na uchekechwe. Asichukue ule wa ufukweni wanapopara samaki, una magamba na mafuta. Sakafu inyweshwe maji siku nzima. Halafu apake uji wa simenti kwa brashi, na kabla haujakauka amwage mchanganyiko juu yake, ndoo tatu za mchanga kwa moja ya simenti, unene wa vidole viwili. Afunike kwa magunia, na magunia yamwagiwe maji asubuhi na jioni siku saba. Mtu asikanyage, hata kuku asikanyage.

Hayo ndiyo aliyosema Ghislain.

Binti yako wa kwanza,
Jeanine


Kilwa, 11 Juni 2024
Karatasi ya pili, haikutumwa

Felistus,

Kuna jambo moja sikuliandika. Ghislain alilitaja la kwanza kabisa, kabla ya nyufa na kabla ya mchanga. Alisema: "Mambele ya yote, ubaulize kama ile barza ilipakwaka nta. Kama iko na nta, fundi achonge yote, kila fasi, mupaka ile nyekundu itoke. Kama hapana, simenti ya mupya itatoka sawa ngozi ya maziwa." Nikamjibu kwamba nitaandika.

Ilipakwa nta. Nani anajua hilo kuliko mimi? Kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili nilipiga magoti pale. Baba alileta vipande vya mishumaa kutoka kanisani, mama aliviyeyusha na mafuta ya taa na unga mwekundu, mimi nikasugua kwa kipande cha blanketi mpaka nione uso wangu chini. Wewe ulikuwa mdogo, ukiteleza juu yake kwa makalio na kucheka. Nikafuta alama zako, nikaanza upya.

Na pale ngazini, siku alipomaliza kumwaga simenti, baba aliandika kwa msumari MAMA JEANINE 1990. Nta niliiingiza kwa kidole ndani ya kila herufi. Sasa mume wako atalipia simenti ya kunifunika, halafu apite juu yangu aende kula kuku, na wangu abaki kwenye kreti. Nina wivu. Neno lenyewe naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nina wivu na wewe, na Chileshe, hata na huyo kuku.

Djo anapiga kelele kwamba chombo kinaondoka. Ile karatasi ya kwanza nampa. Hii naikunja naiweka ndani ya Biblia.


Nchelenge, 2 Julai 2024

Yaya wangu,

Barza imekwisha. Ungeiona usingeijua. Saviour alifuata kila neno lako, karatasi alikuwa nayo mfukoni akiitoa kila saa kama risiti. Mchanga ulitoka mtoni, magunia nilimwagilia mimi mwenyewe siku zote saba, na mama nilimhamishia kwangu ili asile vumbi.

Saviour aliniuliza jambo moja tu ambalo halikuwa kwenye karatasi, kama sakafu iliwahi kupakwa kitu, kwa sababu aliona wekundu wekundu. Nikamwambia hapana, wekundu ni wake wa kuzaliwa. Barza yetu ilikuwa nyekundu tangu nipate akili. Akaendelea.

Sasa ni ya kijivu, laini, maji yakimwagika yanateremka yenyewe. Watu wa sokoni wanapita wakisimama. Mwanamke mmoja anayeuza dagaa wa chisense alisema: "Bana Felistus sasa anaikala sawa muzungu." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Siku hizi wengi wanamwita kwa jina langu, sijui wameanza lini.

Maandishi ya baba ngazini yamefunikwa. Hapakuwa na njia nyingine, usikasirike. Niambie utavaa kitambaa gani tarehe 27, tusije tukafanana.

Felistus


Kilwa, 8 Julai 2024
Karatasi ya pili. Usiisome barzani.

Felistus,

Kwa hiyo sasa ni bana Felistus, mama wa Felistus. Huko kwenu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na sijasikia kwamba nimekufa. Miaka kumi na miwili kabla wewe hujazaliwa, mama alikuwa anaitwa bana Jeanine. Kabla yangu hakuwa mama wa mtu yeyote. Halafu mtu akiolewa ng'ambo, akapeleka mwili wake maili chache za maji, jina linahamishwa kama sufuria ya kuazima.

Usiniambie hujui wameanza lini. Mtu anayesikia vibaya moyoni angesahihisha. Wewe ulisikia vizuri.

Ulimwambia fundi wekundu ni wa kuzaliwa. Mstari huo nimeusoma mara tatu. Ulikuwa unafikiri nilipiga magoti pale kila Jumamosi nikitafuta sindano?

Tarehe 27 sitakuja. Ghislain ana kazi, na hata angekuja, wageni wenu wangemkuta wapi pa kumkalisha? Kreti lenyewe mmelitupa pengine, haliendani na barza mpya.

Jambo moja. Mwambie mama asiweke kiti ngazini. Akae karibu na mlango. Pembeni simenti huwa nyembamba.

Jeanine


Nchelenge, 19 Julai 2024

Yaya Jeanine,

Naandika haraka, Djo ananingoja.

Ilianza kwa mlio. Wiki iliyopita mama aligonga sakafu kwa fimbo yake na ikalia kama debe tupu. Saviour akaja, akagonga kila mahali, akatoka jasho. Jumanne mama alisimama pale ngazini kumpokea shangazi wa Chileshe, kipande kizima kikainuka chini ya mguu wake kama mfuniko wa sufuria. Akaanguka mbele ya wageni. Mkono wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Hospitali wamemfunga plasta, na usiku halali kwa maumivu.

Barza yote inatoka. Unaingiza vidole, unainua, kinakuja kipande kikubwa kama sinia, chini yake laini kabisa. Na pale ngazini jina lako limetokea lote, jekundu, linang'aa kama ulilisugua jana.

Wakubwa wa Chileshe wamesema tarehe 27 haipo tena. Nyumba iliyomwangusha mwenyewe, wanasema, haiwezi kupokea mukwe, na hawakusema lini watakubali. Chileshe amerudi kusalimia kutoka uani na mama anamjibu kutoka kitandani.

Saviour nilimwita mwizi mbele ya watu wote. Nilisema ameuza simenti yetu akatuwekea mchanga. Alitoa karatasi yako mfukoni akanyoosha mkono nayo, nami nikaipiga ikaanguka. Sasa huko kwao Kabuta watu wawili waliokuwa wamempa nyumba zao wamemnyang'anya kazi.

Uliandika mama asikae ngazini. Nilidhani ni wivu tu, kwamba hutaki akae juu ya jina lako, kwa hiyo sikumwambia. Yaya, ulijuaje?

Felistus


Kilwa, 22 Julai 2024

Felistus,

Barua hii isome kwa sauti, barzani, au kwenye kilichobaki cha barza. Watu wote wawepo. Saviour mkalishe mbele. Usiruke mstari.

Nilijua kwa sababu Ghislain aliniambia na mimi nikalificha. Sakafu yenye nta haishiki simenti mpaka ichongwe yote. Hilo lilikuwa agizo lake la kwanza na sikuliandika. Karatasi niliyopaswa kuituma nimeiweka humu ndani, imekaa kwenye Biblia tangu tarehe 11 Juni. Isome nayo, pamoja na mstari wa kuku.

Saviour hakuiba hata kijiko. Alifanya kila nilichoandika, na kosa liko kwenye kile ambacho sikukiandika. Aliuliza swali la fundi mwenye akili na akajibiwa na mtu asiyejua. Waliomnyang'anya kazi wamrudishie, na kama hawataki, waje Kilwa waniambie mimi.

Mama, nilitaka simenti ya Chileshe itoke. Nililala nikiiona inatoka. Wewe sikutaka uanguke, lakini nilijua ni nani anayekaa pale kila siku kutwa, kwa hiyo sina pa kujificha. Nikaandika habari ya kiti, kwa maneno ya kujikinga, nikajiona nimefanya wema. Nilikuwa na wivu kwa sababu Felistus anakuona kila siku na mimi unanisikia kwa kusomewa. Wivu huo bado ninao. Hata sasa naona wivu kwamba ni yeye anayekulisha kwa kijiko.

Ghislain nimemwambia leo asubuhi. Akachukua patasi zake zote, akaenda kukaa uani kuzinoa, na mpaka naandika hapa bado nasikia anazinoa.

Jeanine


Nchelenge, 30 Julai 2024

Dada Jeanine, mkono huu ni wa Thelma, jirani yenu. Maneno ni ya mama yako. Ameniambia niandike vile anavyosema, nisimrembe.

"Jeanine. Felistus alisoma barua yako. Kufika ku jina ya Saviour sauti ikaisha, ba Thelma njo balimalizia. Batu balikuwa kumi na mbili. Saviour alisikiliza mupaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema: 'Apa iko muzuri, lakini bananitukana ku Kabuta.' Felistus akaenda naye Kabuta na miguu, akaisoma tena pale banatandika chisense, batu bote banasikia mwenye alimuita mwizi anasema haiko mwizi. Akarudi sauti imekauka. Ile njo malipo yake. Yako ingali.

Juu ya mukono sina kasirani. Mukono utapona. Kasirani yangu iko ya miaka. Wewe unasema jina yako balifunika. Uyu mudogo wako, vile ba Thelma banaandika, eko analia apa pembeni, anasema njo yeye alimwambia Saviour aanzie pale ku jina, aweke vidole tatu, apana mbili. Juu tangu mutoto alichoka kukanyaga jina ya mwingine kila anaingia ku nyumba yao. Mi sikujua. Nilikuwa naikala pale katikati yenu, nafikiri munapendana.

Donc, basi musikie. Fundi wa kuchonga barza ni Ghislain. Lakini mukwe hapande ku barza ya mama mukwe kama hajaingishwa. Miaka yote ile tulisema batu ba ng'ambo habajue mambo yetu. Ilikuwa uvivu wetu tu, awe, apana, si desturi. Kwa hiyo Ghislain anaingia mambele, tarehe kumi ya mwezi wa nane, siku ya posho, ile Jumamosi. Atapita juu ya barza ya kuvunjika, haizuru. Atakula kuku, kisha atavua shati na kuanza kazi, na Saviour pamoja naye, juu Saviour naye ajifunze. Chileshe atangoja. Nilimwambia mimi mwenyewe, na shangazi yake nilimwambia. Chileshe alisema iko sawa, balete tu ile kreti.

Ile jina baba yenu aliandika, Ghislain asiiguse, Saviour asiiguse. Nta iko mu kila herufi, kama haitoke simenti haishike. Utaichonga wewe, Jeanine, na mukono yako. Mudogo wako atashika ndoo.

Na ku simenti ya mupya musiandike Jeanine, musiandike Felistus. Miaka makumi ine batu bananiita bana uyu, bana uyu, na munagombana bana wa nani. Mi nilikuwa na jina mbele yenu. Nilibatizwa nayo. Muandike IREEN. Ni herufi tano, hazichokeshe mutu."

Hapo ameomba chai. Nimeandika yote.
Thelma


Kilwa, 5 Agosti 2024

Felistus,

Tunavuka na Djo Alhamisi. Ghislain amenunua shati jeupe na viatu vinavyombana, na jana alinyoa ndevu mara mbili kwa siku moja. Aliniuliza mama mkwe anapenda kusalimiwa vipi mtu akiwa ndani ya nyumba. Miaka ishirini na mmoja, na hilo sikuweza kumjibu.

Patasi ya kuchongea jina nimeichagua mwenyewe, ile nyembamba. Asiiguse mtu ngazi kabla sijafika. Utashika ndoo kama ulivyoambiwa, na ukinitazama kwa huruma nitakumwagia maji yake.

Vidole vitatu, Felistus. Nilipofika mstari ule nilikaa chini. Nilidhani wivu ni wangu peke yangu katika nyumba ile.

Leo nimefanya mazoezi uani kwa msumari, kwenye simenti mbichi ya Ghislain. Nikagundua kwamba jina la mama sijawahi kuliandika maishani mwangu. Kwenye bahasha zote hizi nimekuwa naandika "Kwa Mama", na Djo anajua pa kupeleka. Bahasha hii tazama juu yake.

Herufi ni tano na sisi ni wawili. Nimefikiri sana njia ya kuzigawa bila ugomvi, sikuipata. Mimi ndiye mkubwa, nitaandika tatu.

Yaya wako,
Jeanine